Jirani Yetu Chuo Kikuu



Majuma machache yaliyopita, baada ya sala ya Magharibi, alitujia mzazi mmoja wa mtaani kwetu akiwa ameshika bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya binti yake kuitwa katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kusomea uhandisi wa umeme. Tulidhani amekuja kutupa bishara tumwombee dua. Kumbe alikuja na dukuduku.

"Sheikh," akasema, "mimi nimezaliwa mji huu na nimezeekea hapa. Lango la pale nalipita takriban kila siku. Sijapata kuingia ndani, wala sijapata kuwaona wao wakija kwetu. Nimpeleke mwanangu kwa watu nisiowajua?"

Hatukumlaumu. Swali lake ni la baba mwenye ghera na mtoto wake, na ndani yake mna shutuma ambayo yafaa isikilizwe na pande zote mbili. Vipi chuo kikuu kikae kwenye kisiwa kidogo kama chetu, na jirani aliye mwendo wa dakika kumi aishi umri mzima asijue kilichomo ndani? Tulimwambia aketi. Yale tuliyozungumza naye usiku ule, na mengine tuliyoyafikiri baadaye, ndiyo tunayoyaandika hapa, kwani wazazi wenye bahasha kama ile ni wengi msimu huu.

Tulianza kwa neno lenyewe. Kwetu Pwani, chuo ni pale mtoto anapopelekwa akiwa na miaka minne au mitano kwenda kusoma alifu kwa kijiti, na wazee wetu waliita chuo hata kitabu chenyewe. Neno hilo lilikuwa letu kabla halijawa la digrii. Na mwalimu wa chuo hakuwa mgeni mtaani. Alijulikana anakolala, anakula kwa nani, na mtoto akikosa siku mbili, mwalimu mwenyewe hupiga hodi nyumbani kuuliza. Yule mzee alipotaka kujua "hawa ni watu gani," alikuwa akiuliza kwa kipimo cha chuo anachokifahamu. Kipimo hicho si kibaya.

Kisha tukamweleza jambo ambalo hakulijua, na ambalo tunashuku wasomaji wetu wengi walio chini ya miaka arubaini hawalijui. Mahali pale pa Tudor pamejengwa kwa ajili yetu. Mwaka 1948 ndipo ilipowekwa hati ya kuanzisha Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wazee wanaikumbuka kwa kifupi chake, MIOME. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Azma yake ilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, kwa kuwa walikuwa wameachwa nyuma sana katika mambo hayo. Fedha zilichangwa na Aga Khan, na Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, na jamaa wa Kibohora, na serikali ya kikoloni nayo ikatia fungu lake. Pakasomeshwa mitambo, umeme, useremala na ubaharia. Tazama hilo la ubaharia: watu waliokuwa wakienda Arabuni na Bara Hindi kwa pepo za kusi na kaskazi walijengewa mahali pa kusoma bahari kwa vyombo vya kisasa. Hiyo ni taasisi iliyoanza kwa kutazama majirani zake ni nani na wanajua nini.

Yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema neno moja tu: "Ajabu."

Tukamwongezea kisa kingine. Katika miaka ile ya mwanzo palikuwa na kijana mmoja wa Mombasa aliyefanya kazi ndogo pale MIOME. Alikuwa mtoto wa marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alikuwa amepata daraja ya tatu katika mtihani wake wa sekondari. Makerere walimkataa. Ikasadifu hafla ya Maulidi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kijana akasimama kuhutubia, na Gavana Sir Philip Mitchell alikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Hotuba ile ndiyo iliyomfungulia njia ya kupata ufadhili wa kwenda Uingereza. Wengi wenu mmekwisha kumtambua: ndiye Profesa Ali Mazrui. Akasoma Manchester, na Columbia, na Oxford, kisha akarudi kuwa profesa palepale Makerere walipomkataa. Alipofariki mwaka 2014 aliletwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya wazee wake karibu na Ngome ya Yesu.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu ya mahali kilipotokea. Hafla ya Maulidi ndani ya chuo cha ufundi ni jamii na taasisi kukutana chini ya paa moja, na gavana akakaa akamsikiliza mtoto wa mtaani. Lau MIOME ingekuwa na lango la kupitwa tu, kijana yule angebaki na daraja yake ya tatu.

Mambo yalibadilika baadaye, na ni haki kuyasimulia kwa insafu. Kabla na baada ya uhuru taasisi ilifunguliwa kwa watu wa dini zote, na mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa. Mwaka 1972 ikaitwa Mombasa Polytechnic, jina ambalo mpaka leo makondakta wa matatu hawajaliacha. Mwaka 2007 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambacho Profesa Mazrui aliteuliwa kuwa Chansela wake mwaka 2003. Januari 2013 ikapewa hati yake yenyewe ikawa chuo kikuu kamili, pamoja na jirani yake wa Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani. Wako miongoni mwetu wanaosikitika kuwa jina la Uislamu liliondolewa. Sisi hatumo katika masikitiko hayo. Elimu ya mtambo haina kibla, na kisima kilichochimbwa na Muislamu hakimkatazi asiyekuwa Muislamu kuteka. Linalotusikitisha ni kuwa jina lilipoondoka, na sisi tuliondoka nalo. Tukayahesabu majengo yale kuwa ya serikali, na ya serikali, kwa mazoea yetu ya Pwani, ni ya watu wengine.

Sasa tuuelekee upande wa pili, kwani lawama hazikutuangukia sisi peke yetu.

Kila chuo kikuu nchini hujinadi kwa mambo matatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. La tatu ndilo hutajwa mwisho, na aghalabu hutendwa mwisho. Kuna siku ya kupanda miti, kuna siku ya kufagia soko, picha hupigwa, fulana hugawiwa, na jioni basi huondoka. Hatusemi hayo ni mabaya. Soko lililofagiwa ni bora kuliko lisilofagiwa. Lakini huo si ujirani.

Tulipata kufikiwa barazani na vijana wawili kutoka chuo kimoja, hatukitaji, wakiwa na hojaji za kurasa tisa. Walikuwa na adabu, Mwenyezi Mungu awabariki. Waliwauliza wavuvi wetu wanavua nini, wapi, kwa nyavu gani, wanapata shilingi ngapi, na wake zao wanapikia nini. Wazee walijibu alasiri nzima, mmoja wao akaacha kupeleka dau lake baharini siku ile. Miaka mingi imepita. Hatujaona hata ukurasa mmoja uliorudi. Huenda kuna aliyepata shahada kwa maneno yale, na tunamwombea imfae, ila mzee aliyeacha dau ameshafariki bila ya kujua alichangia nini. Tangu siku hiyo, akija mgeni na kalamu, watu wa baraza lile huinuka mmoja mmoja wakisema wanawahi dukani.

Wenye elimu wa vyuo vikuu wasidhani kwamba huo ni ujinga wa watu wa pwani. Ni kumbukumbu.

Katika sira tunasoma kuwa Bwana Mtume alipofika Madina aliwakuta wenyeji wakichavusha mitende kwa mikono. Akatoa rai kwamba huenda wakiacha isiwadhuru, wakaacha, na mavuno ya mwaka ule yakapungua. Alipoletewa habari hakuwafokea wala hakujitetea. Aliwaambia kuwa wao ndio wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Ikiwa huo ndio unyenyekevu wa aliyeletewa wahyi mbele ya mkulima wa tende, mhadhiri anayekwenda kuzungumza na mvuvi wa Vanga au fundi wa majahazi wa Matondoni aende nao japo robo yake.

Je, yuko aliyefaulu? Yuko, na si mbali. Ukivuka kivuko cha Likoni ukashika barabara ya Lungalunga, kiasi cha kilomita 50 kutoka Mombasa utafika Gazi, mji ule aliokuwa akitawala Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui kabla ya vita vyake na Waingereza. Nyuma ya mji upo msitu wa mikoko: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, na mlilana ukielekea baharini. Katika miaka ya sabini msitu ule ulikatwa vibaya kupata kuni za viwanda, hadi sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Samaki walipungua, kwani vifaranga vyao hukulia katika mizizi ile.

Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Samaki ya Kenya, KMFRI, walianza kupanda mikoko upya pale miaka ya tisini, na mwenye jina kubwa katika kazi hiyo ni Dkt. James Kairo. Baadaye wakaungana nao wasomi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Uskoti, akiwemo Profesa Mark Huxham. Wakapima tope, wakapima miti, mwaka baada ya mwaka. Wakagundua kuwa mikoko huifyonza hewa ya kaboni na kuizika katika tope lake kwa wingi mno kushinda misitu mingi ya nchi kavu. Hapo utafiti ungeweza kwisha, watu wakaandika vitabu vyao wakaenda zao. Badala yake waliketi na watu wa Gazi na wa Makongeni, kijiji jirani, wakatafuta namna ya elimu ile kuwafaa wenye msitu. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja.

Kazi yake ni hivi. Misitu ya mikoko ni ya serikali, kwa hivyo wanakijiji walifunga mkataba wa kusimamia hekta 117 wakishirikiana na Idara ya Misitu. Wao hulinda, hupanda na kuhesabu. Shirika la Plan Vivo hukagua na kutoa vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na vyeti hivyo hununuliwa na watu na kampuni za nje wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha hurudi kijijini. Baada ya gharama za ulinzi na upandaji, wanakijiji hukaa baraza wakaamua wenyewe zitumike wapi. Wamevuta maji ya mifereji, wamenunua vitabu vya shule na kukarabati madarasa. Na kwa kuwa mtu hawezi kuambiwa asikate mkoko naye ana chungu jikoni, walipanda mivinje ipatikane kuni na nguzo. Kina mama nao wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, wageni hulipa kutembea juu yake. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina yake duniani kuendeshwa na jamii kwa mikoko, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanza wa kwao kwa mfano huohuo.

Tumeulizwa zaidi ya mara moja: Sheikh, yafaa Muislamu kuuza hewa? Ni swali zuri na tumelitafakari. Kwa fahamu yetu, kinachouzwa pale si hewa, wala hakuna anayemiliki hewa hata aiuze. Kinacholipwa ni kazi: kulinda, kupanda, kupima, na kuacha kukata ulichokuwa na uwezo wa kukikata. Hilo liko karibu na ijara kuliko bai. Sharti ni hesabu iwe ya kweli na pasiwe na udanganyifu katika kipimo, kwani wenye kupunja vipimo tumeonywa onyo kali. Na hapa ndipo wasomi wanapohitajika. Mwanakijiji analijua tope kwa mguu wake, lakini mnunuzi wa Ulaya anataka alijue kwa gramu. Bila ya chuo kikuu Gazi isingekuwa na cha kuonyesha, na bila ya Gazi chuo kikuu kisingekuwa na cha kupima.

Fedha zenyewe si nyingi, tusije tukawatamanisha watu. Ukizigawa kwa kichwa hazifiki popote. Kilichotuvutia ni mambo mengine. Wasomi wale walikaa miaka mingi kabla ya kuomba chochote. Kijiji kinajua mwaka huu kimeingia kiasi gani na kimetoka wapi. Wenye kuamua ni wenyeji, tena hadharani. Na mtoto wa Gazi leo anapoona mzungu au Mkenya wa bara akiwa tope magotini anajua anafanya nini, kwa sababu matokeo ya tope lile ni bomba anakoteka maji.

Turudi kwetu mjini. Hatuwezi kuidai Tudor iwe kama Gazi ilhali sisi wenyewe hatujapiga hodi. Habib Swaleh, Mungu amrehemu, alipokaa Langoni, Lamu, na kusomesha walionyimwa elimu, wakiwemo watumwa na watoto wao, wakubwa wengi wa mji hawakupendezwa. Riyadha ilisimama kwa kuwa wadogo wa mji waliiona ni yao. Hawakungoja waalikwe. Lini kamati yoyote ya msikiti wetu ilimwandikia barua mkuu wa kitivo? Waya za madrasa zetu zimefungwa na mafundi wa kubahatisha, tumeona wenyewe moja ikitoa cheche juu ya vichwa vya watoto, na mita chache kutoka hapo kuna wanafunzi wa umeme wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Mafundi wa majahazi wanazeeka na hesabu zao zi vichwani, hazijaandikwa. Chuo kina bewa Kwale na bewa Lamu. Wazee wa huko wana ya kufundisha, wakialikwa wakakaa mbele ya darasa, si mbele ya hojaji.

Kamati ya msikiti wetu, baada ya kulizungumza hili Ijumaa iliyopita, imeandika barua. Imeomba mambo machache. Wanafunzi wa umeme waje wakague madrasa zetu tatu chini ya mwalimu wao, sisi tutanunua waya na swichi. Atakayekuja kutafiti mtaani aje kwanza kwa wazee, aseme anatafuta nini, kitabaki nini, na siku gani atarudi kutusomea alichokipata kwa Kiswahili. Na chuo kitufungulie lango siku moja kabla ya wanafunzi wapya kuripoti, wazazi waingie waone madarasa, mabweni ya wasichana na mahali pa kusalia. Kwa upande wetu tumejitolea baraza, na wenyeji wa kutembeza wageni, na futari mwezi wa Ramadhani kwa wanafunzi waliotoka mbali. Jibu likifika tutalichapa katika ukurasa huu, liwe la heri au la udhuru.

Ama yule mzazi wa bahasha, hakungoja barua ya kamati. Jumatatu iliyofuata alivaa kanzu, akamchukua binti yake wakaenda pamoja mpaka langoni. Alitwambia kuwa askari aliwauliza shida yao, binti akataka kujibu, yeye akamtangulia: "Tumekuja kutazama." Wakaruhusiwa. Walizunguka muda wa saa nzima. Mzee ameona karakana za umeme, ameuliza wasichana wanalala wapi na nani anafunga mlango usiku, akaonyeshwa. Anasema lililobaki sasa ni ada, na tumemwelekeza kwenye ofisi ya HELB na kwa kamati ya zaka.

Wazazi wengine wenye barua za vyuo, na wenye maswali kama yake, watukute msikitini Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Waje na watoto wenyewe.

Wabillahi tawfiq.